Bei ya Kipimo Kimoja: Kununua kwa Jumla au kwa Rejareja?

Chukulia kuwa wewe na wenzako watatu mmepanga chumba kimoja Idodi, karibu na shule. Mwenzako mmoja anatoka Mahuninga, mwingine Makifu, na nyumbani kwenu mvua ikinyesha njia haipitiki. Kila mmoja alikuja na unga kidogo, maharage na akiba ya mfukoni. Mwezi haujafika katikati, unga umekwisha. Sufuria ipo, kuni zipo, lakini cha kusonga hakuna. Mnakaa chini, mnachanga, na jumla ya fedha inakuwa sh. 42,000. Fedha hii inatakiwa iwafikishe siku 20 zijazo, mpaka shule ifungwe, na ndani yake yatoke mafuta, chumvi na sabuni pia.

Mnakwenda dukani. Bei zimeandikwa kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi (bei zote katika somo hili ni za mfano, za kwenu zitakuwa tofauti, lakini hesabu ni ileile):

Unga wa sembe wa kupima, kilo 1: sh. 1,600
Pakiti ya kilo 5: sh. 7,500
Pakiti ya kilo 10: sh. 15,400
Kiroba cha kilo 25: sh. 35,000

Mmoja wenu anasema, "Kiroba ni ghali mno, tuchukue kilo tano kwanza." Mwingine anasema kiroba ndicho nafuu, maana kila mtu anajua vya jumla ni nafuu. Wote wawili wanakisia. Mmoja ametazama bei bila kutazama uzito, mwingine amesema alichosikia. Hakuna aliyekokotoa.

Bei ya kipimo kimoja ni fedha unayolipa kwa kilo moja, lita moja, mita moja au kitu kimoja. Unaipata kwa kugawanya bei ya mzigo kwa kiasi kilichomo ndani yake:

Bei ya kipimo kimoja = bei ya mzigo ÷ kiasi cha mzigo

Kwa pakiti ya kilo 5: 7,500 ÷ 5 = sh. 1,500 kwa kilo.
Kwa pakiti ya kilo 10: 15,400 ÷ 10 = sh. 1,540 kwa kilo.
Kwa kiroba: 35,000 ÷ 25 = sh. 1,400 kwa kilo.

Kugawanya kwa 25 kichwani kuna njia fupi. Zidisha kwa 4, kisha ondoa sifuri mbili: 35,000 × 4 = 140,000, ukiondoa sifuri mbili unabaki na 1,400. Ukiwa umesimama mbele ya kaunta huku watu wamepanga foleni nyuma yako, njia hii ina thamani kuliko kikokotozi kilichoachwa nyumbani.

Sasa zitazame tena zile bei. Kiroba ni nafuu kweli. Lakini pakiti ya kilo 10 ni ghali kuliko ya kilo 5. Ukichukua pakiti mbili za kilo 5 utalipa sh. 15,000 na kurudi na kilo zilezile kumi, na sh. 400 mkononi. Jambo hili hutokea madukani mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: mzigo mkubwa wa bei kubwa kwa kilo umewekwa katikati ya mingine, na mnunuzi anauchukua kwa kuamini ukubwa wake.

Ukinunua kilo 25 kwa kupima, kilo mojamoja, utalipa 25 × 1,600 = sh. 40,000. Kiroba ni sh. 35,000. Mmeokoa sh. 5,000. Katika mtihani unaweza kuulizwa hiyo ni asilimia ngapi, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Akiba inagawanywa kwa fedha ambayo mngelipa, si kwa ile mliyolipa:

(5,000 ÷ 40,000) × 100 = 12.5%

Mtahiniwa akigawanya 5,000 kwa 35,000 atapata 14.3%, na jibu hilo si sahihi kwa swali lililoulizwa. Jiulize kila mara: tumeokoa kutoka kwenye nini?

Rudini sasa kwenye ile sh. 42,000. Mkila kilo moja na robo kwa siku, wanne, kiroba kitafika siku 20 kamili. Mkinunua kiroba, mnabaki na sh. 7,000 za mafuta, chumvi na sabuni. Mkinunua kwa kupima kila siku, mnabaki na sh. 2,000 kwa mahitaji yote hayo. Kwa hiyo, ile sh. 5,000 ndiyo mafuta ya mboga zenu. Asilimia 12.5 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye sufuria haionekani ndogo.

Kuna njia ya pili ya kulinganisha, na kwa kweli ndiyo inayofanana na namna tunavyonunua. Sisi mara nyingi hatusemi, "Nipimie kilo moja." Tunasema, "Shikamoo mama, naomba unga wa elfu moja." Basi uliza: kwa sh. 1,000 napata gramu ngapi? Kwa unga wa kupima, 1,000 ÷ 1,600 = kilo 0.625, yaani gramu 625. Kwa bei ya kiroba, 1,000 ÷ 1,400 ni takriban gramu 714. Angalia tofauti ya kusoma majibu. Katika njia ya kwanza (shilingi kwa kilo) namba ndogo ndiyo nafuu. Katika njia ya pili (gramu kwa shilingi) namba kubwa ndiyo nafuu. Anayechanganya hizi mbili hukokotoa vizuri halafu anachagua mzigo wa bei mbaya.

Wanaoumia zaidi na bei ya kipimo kimoja ni wanaonunua kidogo kidogo. Chukua mafuta ya alizeti. Dumu la lita 20 ni sh. 108,000, yaani sh. 5,400 kwa lita. Dumu la lita 5 ni sh. 28,500, yaani sh. 5,700 kwa lita. Chupa ya lita 1 ni sh. 6,000. Halafu kuna kale kakipimo cha sh. 500 ambako mwenye duka anakachovya ndani ya ndoo na kukumiminia kwenye kifuko. Ukikapima utakuta, tuseme, mililita 70. Lita moja ina mililita 1,000, hivyo:

(500 ÷ 70) × 1,000 ≈ sh. 7,143 kwa lita

Anayenunua mafuta ya mia tano kila jioni analipia kila lita zaidi ya sh. 1,700 kuliko mwenye fedha ya dumu kubwa. Kenya wana jina lake: uchumi wa kadogo. Usimlaumu mwenye duka haraka. Yeye amelaza fedha yake kwenye ndoo ile, anamwaga kidogo kila anapopima, na anakaa mpaka saa tatu usiku akisubiri wateja wa mia tano. Wala usimlaumu mnunuzi. Mwenye sh. 2,000 kwa siku hawezi kununua dumu, hata akijua hesabu hii kuliko wewe. Anachoweza kufanya ni kile mlichofanya ninyi wanne: kuchanga.

Mpaka hapa tumekuwa na bahati, kwa sababu mizigo yote ilikuwa na kilo au lita zinazojulikana. Sokoni mambo si hivyo. Mahindi yanauzwa kwa debe, maharage kwa sado, nyanya kwa ndoo, mkaa kwa gunia. Hivi ni vipimo vya ujazo, yaani vinapima nafasi, ilhali kilo inapima uzito. Wazee wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na tatizo lao lilikuwa hilihili: ujazo uleule wa nafaka nyingine una uzito mwingine. Debe la mahindi na debe la mpunga havilingani hata kidogo ukiviweka kwenye mzani, kwa kuwa mpunga una makapi yake na ni mwepesi. Idodi, ambako mpunga ndio zao la watu wengi, hili mnalijua kwa mabega yenu kabla ya kulijua kwa hesabu.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kulinganisha ni kuvipeleka vitu vyote kwenye kipimo kimoja. Muuzaji wa kwanza anauza debe la mahindi sh. 13,500. Wa pili ana mzani na anauza kilo moja sh. 780. Huwezi kulinganisha 13,500 na 780 mpaka ujue debe lile lina kilo ngapi. Omba lipimwe. Likiwa na kilo 18, kilo moja ni 13,500 ÷ 18 = sh. 750, na debe ni nafuu. Lakini tazama namna lilivyojazwa. Debe lililopandishwa juu mpaka likawa na kilele si sawa na lililofutwa kwa kijiti usawa wa ukingo. Likifutwa likabaki na kilo 17, bei inakuwa 13,500 ÷ 17 ≈ sh. 794, na sasa mwenye mzani ndiye nafuu. Kilo moja tu ya kilele imegeuza jibu.

Hesabu hiyohiyo humkuta mkulima, ila kwake huenda kinyume. Umesikia neno lumbesa: gunia lililojazwa mpaka mdomoni, likaongezewa juu, likashonewa kwa kamba kama kofia. Mkulima wa vitunguu amekubaliana na mnunuzi sh. 120,000 kwa gunia. Akidhani gunia ni kilo 100, anauza kilo moja kwa sh. 1,200. Mnunuzi akija na lumbesa ya kilo 130 kwa bei ileile, kilo moja imeuzwa 120,000 ÷ 130 ≈ sh. 923. Kilo 30 zimeondoka bure, na kwa bei waliyodhani wamekubaliana ni 30 × 1,200 = sh. 36,000 katika gunia moja. Akiuza magunia kumi, ni sh. 360,000. Ada na sare za mtoto zimo humo. Lumbesa imekatazwa kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio unaosimamia mizani na vipimo nchini. Hata hivyo, sheria inamsaidia zaidi mkulima anayeuza kwa kilo, kwa sababu huyo hawezi kuongezewa kofia bila namba ya mzani kupanda.

Tuseme sasa mwenzenu mmoja ana wazo. Iringa mjini kiroba kilekile kinauzwa sh. 32,500, yaani sh. 1,300 kwa kilo. Mbona msipande basi mkanunue huko? Barabara ile inayotoka Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha inapita Idodi, na magari yapo. Wazo ni zuri, lakini bei ya mzigo haijakamilika mpaka mzigo ufike mlangoni kwenu. Chukulia nauli ni sh. 7,000 kwenda na sh. 7,000 kurudi, na kila kiroba kinalipiwa sh. 1,000 ya kupakia. Kwa kiroba kimoja:

32,500 + 14,000 + 1,000 = sh. 47,500
47,500 ÷ 25 = sh. 1,900 kwa kilo

Mmenunua unga wa bei ya juu kuliko ule wa kupima pale jirani. Je, safari italipa mkinunua viroba vingapi? Swali hili hupendwa sana na watunzi wa mitihani, nawe usilikimbie. Weka n kuwa idadi ya viroba. Gharama ya Iringa ni 33,500n + 14,000. Gharama ya Idodi ni 35,000n. Safari inalipa pale ambapo:

33,500n + 14,000 < 35,000n
14,000 < 1,500n
n > 9.33

Hakuna kiroba cha theluthi, kwa hiyo jibu ni viroba 10. Ukiandika 9.33 umefanya hesabu bila kufikiri juu ya unga. Na hata kwa viroba 10 mtaokoa 15,000 − 14,000 = sh. 1,000 tu, kwa siku nzima ya mtu kukaa ndani ya gari. Wanne hamhitaji viroba kumi. Lakini vyumba kumi vya wanafunzi vikiungana na kumtuma mtu mmoja ambaye tayari ana safari yake ya mjini, nauli inatoka kwenye hesabu, na kila kiroba kinaokoa sh. 1,500. Wenye maduka hufanya hivyo hasa: safari moja, mzigo mwingi.

Halafu kuna vitu vinavyooza. Ndoo ya nyanya ni sh. 12,000 na ina kilo 16, hivyo kilo moja ni sh. 750. Kwa rejareja kilo ni sh. 1,100. Mkichukua ndoo, mkala kilo 10 na kilo 6 zikaharibika, mliyolipia kwa kweli ni zile kilo 10: 12,000 ÷ 10 = sh. 1,200 kwa kilo. Ndoo imekuwa ghali kuliko rejareja. Gawanya kwa kiasi mtakachotumia, si kwa kiasi mlichobeba. Unaweza hata kujua mpaka kabla hujanunua: 12,000 ÷ 1,100 ≈ 10.9. Msipoweza kula angalau kilo 11 kabla hazijaharibika, acheni ndoo. Unga huvumilia zaidi lakini nao hupata wadudu ukiwekwa penye unyevu. Sabuni na chumvi havina shida hiyo. Kuna pia upotevu usiotoa harufu: dumu likiwa limejaa, mkono unamimina mafuta kwa ukarimu. Mafuta ya lita 5 mliyopanga yafike siku 25 kwa mililita 200 kwa siku yataisha siku ya 20 mkimimina mililita 250, na mtajikuta mnarudi kwenye kale kakipimo cha mia tano.

La mwisho ni fedha yenyewe. Kama mna sh. 15,000 tu na kiroba ni sh. 35,000, mtahitaji kukopa sh. 20,000. Mkopeshaji akitaka mrudishe sh. 22,000, kiroba kimewagharimu sh. 37,000, yaani sh. 1,480 kwa kilo. Bado ni nafuu kuliko 1,600, ila akiba imeshuka kutoka sh. 5,000 hadi 3,000. Akitaka mrudishe sh. 26,000, jumla ni 41,000 na kilo ni sh. 1,640. Hapo heri kununua kwa kupima.

Maswali ya kujipima

1. Mche wa sabuni ni sh. 3,200 na hukatwa vipande 8. Kipande kimoja dukani ni sh. 500. Anayenunua mche mzima anaokoa asilimia ngapi?

2. Duka la kwanza linapima kilo ya sukari mbele yako kwa sh. 2,900. Duka la pili lina vifuko vilivyofungwa tayari, vinavyoitwa "kilo", kwa sh. 2,750. Umekipima kimoja ukakuta gramu 920. Wapi ni nafuu, na kwa kiasi gani kwa kilo?

3. Gunia la mkaa ni sh. 30,000 na hujaza ndoo ndogo 24. Ndoo hiyo kwa rejareja ni sh. 1,500. Zikiharibika ndoo ngapi kwa kuwa chenga, gunia halitakuwa na nafuu tena?

4. Katika mfano wa safari ya Iringa, nauli imekuwa sh. 5,000 kwenda na sh. 5,000 kurudi. Safari inaanza kulipa kwa viroba vingapi?

Majibu

1. 8 × 500 = 4,000; akiba ni 800; (800 ÷ 4,000) × 100 = 20%.

2. 2,750 ÷ 0.92 ≈ sh. 2,989 kwa kilo. Duka la kwanza ni nafuu kwa takriban sh. 89.

3. 30,000 ÷ 1,500 = 20. Zikiharibika 4, bei zinalingana. Ikiharibika ya tano, rejareja ndiyo nafuu.

4. 10,000 < 1,500n, hivyo n > 6.67. Viroba 7.